Jeti ya Mia na Arobaini

Zahanati ya Linareng
30 Mei 1983

'Mapheello,

Nimesoma tena kadi yako ya mwaka jana pamoja na vipimo nilivyochukua juzi. Nyonga yako ni nyembamba. Mtoto wa kwanza alikwama siku mbili akafa, na huyu naye atakwama. Safari hii naogopa hata kwa ajili yako. Itabidi upasuliwe, na hapa Linareng hakuna wa kukupasua.

Tarehe 25 Agosti ikukute hospitalini, ng'ambo ya Mlima Letlapeng. Nyumba ya kusubiria inapokea wajawazito kuanzia tarehe mosi ya mwezi huo. Ukisubiri uchungu ukukute kijijini umechelewa, na farasi usipande. Gari la zahanati liko Maseru kwenye matengenezo tangu Machi. Basi halipandi Letlapeng wakati wa baridi. Ha Sekhoboko yote ina gari moja tu, pikapu ya baba mkwe wako. Nililisikia Jumapili likipita hapa, nikatoka nje nikidhani kuna nyumba inaungua. Litengenezwe.

Na mumeo umwambie. Usinijibu kwamba utamwambia.

Sista Anacletta Phafoli

*

Ha Sekhoboko
5 Juni 1983

Khethisa,

Ng'ombe ni wazima. Mama yako goti linamsumbua. Theluji bado.

Kabureta uliyoifunga Krismasi haifai. Nakueleza niliyoyaona kwa macho yangu. Gari linawaka vizuri asubuhi. Likishapata moto linatoa moshi mweusi, mweusi wa masizi, si ule wa bluu wa oili. Nimefungua plagi zote nne: nyeusi, kavu, zinachafua vidole. Nyumba nzima inanuka petroli. Petroli iliyokuwa ikinifikisha dukani mara tatu sasa hainifikishi mara mbili. Kwenye kilima cha shule linakohoa na kuzimika, nikingoja kidogo linawaka tena, linakohoa tena. Kabureta ya zamani uliichukua ukaenda nayo Durban, kwa hiyo sina cha kurudishia.

Gari hili lazima livuke Letlapeng kabla ya tarehe 25 Agosti. Ni kwa ajili ya yule kondoo dume wa pembe zilizopinda. Anakwenda kwenye maonyesho. Safari hii haiahirishwi.

Nijibu upesi.

Baba yako
(kwa mkono wa 'Mapheello, anayekusalimu)

*

Ha Sekhoboko
7 Juni 1983

Sista,

Uliniambia nimwambie. Juzi nilikuwa na kalamu mkononi na karatasi mbele yangu, nikaandika kondoo.

Ntate, baba mkwe wangu, hajui kusoma. Alikuwa akichunga mifugo wenzake walipokuwa shuleni, kisha akaenda mgodini. Barua zake zote naandika mimi. Alisimama mlangoni, mimi nimeketi mkekani, akasema neno kwa neno: "Gari ni kwa ajili ya mkeo. Mengine atakueleza yeye, si yangu kuyasema." Nikasema ndiyo, Ntate. Nikaandika kondoo dume wa pembe zilizopinda. Hata kutunga sikutunga vizuri, ndiye niliyemwona dirishani.

Wewe ulikuwepo mwaka jana. Khethisa alipata simu ya upepo akaacha kazi bila ruhusa. Akafika kaburi limeshafunikwa. Kazi ikaenda na kibali cha kuvuka mpaka kikaenda, akakaa hapa miezi mitano akitazama ukuta. Sasa amempata huyu Bwana Moodley wa karakana, na mkataba ni mpaka Desemba. Akitoroka tena hapati kibali maisha. Ninamjua, akisikia tu atatoroka. Gari anaweza kulitengeneza kwa barua. Mimi hawezi.

Siku niliyoolewa walinipa jina la 'Mapheello, kama desturi. Miaka mitatu sasa naitwa mama wa Pheello, mtu ambaye hayupo. Huyu akilia, nitamwandikia mume wangu siku hiyohiyo. Kabla ya hapo, hapana.

Usinikasirikie.

'Mapheello

*

Durban
18 Juni 1983

Ntate, Mè, na wewe mwandishi wetu,

Barua imefika na mimi ni mzima. Hapa hakuna baridi, watu wanavaa shati moja, nyie jifunikeni tu.

Ntate, kabureta hiyo niliifunga kwa mikono yangu na nikaipa nguvu ya kutosha. Kwa hiyo tatizo ni dogo. Moshi mweusi maana yake petroli inazidi hewa. Angalia choki: kile kibati cha juu lazima kisimame wima kabisa injini ikishapata moto. Kikilala, gari linakabwa. Halafu fungua kifuniko cha kabureta utazame boya. Likining'inia chini sana au sindano yake isipoziba, petroli inafurika. Mwisho safisha chujio la hewa. Fanya hayo na gari litalia kama cherehani ya mama mchungaji.

Ila huyo kondoo! Tangu lini Ntate anashindana kwenye maonyesho? Mwaka jana mtu akimtazama dume yule mara mbili mlikuwa mnamwamkia kwa fimbo. Au mmeahidiwa kikombe?

'Mapheello, unakula? Barua zako kwangu zimekuwa fupi kama risiti.

Khethisa

*

Ha Sekhoboko
30 Juni 1983

Khethisa,

Nimefanya yote. Choki iko wima, nimeifunga kwa waya ili isibishane nami. Boya liko sawa, sindano inaziba, nimepuliza kwa mdomo na hewa haikupita. Chujio nimelitoa, nikalikung'uta, nikaliosha, nikalikausha siku mbili juani. Kisha nikalirudisha na kulizungushia vizuri lile blanketi la zamani la mama yako, kama ninavyofanya kila majira ya baridi, maana injini inayokohoa huwezi kuiacha uchi.

Moshi ni uleule. Jana halikumaliza hata kilima cha shule. Walimu walitoka madarasani kutazama. Mmoja akasema, "Ntate, unaita mvua?"

Tarehe ni ileile, 25 Agosti. Fikiri vizuri. Usinipe tena mambo ya kusafisha.

Baba yako
(kwa mkono wa 'Mapheello)

*

Durban
11 Julai 1983

Ntate,

Blanketi!

Nilisoma barua yako saa ya chakula, na nilipofika hapo nikaisoma kwa sauti. Karakana nzima ilisimamisha kazi. Bwana Moodley aliketi kwenye ndoo akafuta machozi. Akasema, "Baba yako anaivalisha injini? Na kofia je?"

Ntate, pale injini ndipo inapovutia hewa. Ukiifunika blanketi umeiziba pua. Hewa haingii, petroli inaendelea kuja, moshi mweusi ni huo. Toa blanketi leo, mrudishie Mè. Safisha plagi kwa brashi ya waya. Nina uhakika kwisha kazi.

Na kama bado linasumbua, huyo kondoo mtembezeni kwa miguu. Ana minne. Sioni sababu ya kuvunja gari kwa ajili yake. Mimi Desemba nipo, nitalitazama mwenyewe, hakuna haraka.

Khethisa

*

Ha Sekhoboko
23 Julai 1983

Sista,

Mambo mawili yametokea na yote ni mabaya.

Barua ya Khethisa ilifika Alhamisi nikiwa kisimani. Ntate alikuwa dukani, akapewa mkononi, akamwomba Mohapi karani amsomee. Watu walikuwepo. Mè 'Makhethisa, mama mkwe, amenisimulia. Mohapi alisoma habari ya blanketi watu wakacheka, Ntate naye akacheka kidogo. Kisha akasoma ya kondoo.

Ntate akauliza, "Kondoo gani?"

"Wako, Ntate. Wa maonyesho."

"Mimi nina kondoo wa maonyesho?"

"Karatasi ndiyo inasema, Ntate. Inasema mtembezeni, ana miguu minne."

Akaichukua barua, akaikunja, akaja nyumbani. Hakupiga kelele. Alisimama mlangoni pale anaposimama akitaka barua, akasema, "Mwanangu, miezi hii yote nimekuwa nikisema na nani?" Lipo na lingine, nilikuwa sijakuambia. Juni nilimsomea barua ya Khethisa nikaruka ya kondoo na maneno yaliyonihusu mimi, naye akanitamkia, "Mwambie hakuuliza hali ya mkewe hata mara moja, nimeona." Hilo pia sikuliandika. Mzee wa watu amekaa karibu mwezi mzima akiamini amezaa mtoto asiye na moyo.

La pili. Blanketi lilitolewa siku ileile, na kweli moshi ukapungua. Kilima cha shule gari lilipanda. Jana tukaamua kwenda Letlapeng moja kwa moja, mimi na Mè na mizigo, nikasubirie hospitalini mapema hata kama itabidi nilale kibarazani. Tulifika kona ya tatu. Kadiri tulivyopanda ndivyo moshi ulivyorudi, halafu injini ikafa. Ikakataa kabisa, plagi zimelowa. Gari likaanza kurudi nyuma. Mè aliruka na goti lake lile akaweka jiwe chini ya gurudumu. Tulishuka kinyumenyume hadi chini, Ntate akitazama nyuma, mimi nimefumba macho.

Leo amekwenda dukani tena. Hakuniomba niandike.

'Mapheello

*

Dukani, Ha Sekhoboko
23 Julai 1983

Khethisa,

Anayeandika ni Mohapi wa dukani. Nimemwambia asiongeze wala asipunguze.

Hakuna kondoo. Mkeo ana mimba ya miezi saba. Mambo haya baba mkwe hayasemi, na leo nayasema mbele ya Mohapi na mizani yake. Sista wa Linareng amesema mtoto hawezi kupita na mkeo lazima apasuliwe ng'ambo ya Letlapeng. Tarehe niliyokupa ni yake, si yangu. Mkeo alikuficha ili usitoroke kazi kama mwaka jana. Mimi sikujua kwamba anakuficha. Nilidhani unajua na unacheka.

Blanketi limetoka. Gari linapanda vilima vidogo. Letlapeng linakufa kona ya tatu, na kadiri linavyokwenda juu ndivyo linavyozidi. Nimekumbuka jambo: kabureta ya zamani haikuwa hivi hata siku moja, na blanketi lilikuwepo miaka yote hiyo. Basi kosa liko ndani ya hiyo uliyoileta. Umefanya nini humo ndani? Sema kweli.

Usije. Ukija utakuwa huna kazi na gari litakuwa halipandi. Fikiri na ujibu.

Tšehlana Lebona
(alama ya kidole gumba)

*

Durban
3 Agosti 1983

'Mapheello,

Nimepata barua ya Mohapi jana. Nimeisoma mara nyingi nikitafuta mahali ulipoandika wewe, sikupata.

Sitasema nimekasirika. Nitalisema Desemba. Sasa sikiliza, na umsomee Ntate yote, na hii sehemu inayonihusu pia.

Nilikwenda kwa Bwana Moodley nikampa ile barua. Akaisoma, akavua miwani. Akaniuliza, "Kabureta ya mzee uliiwekea jeti namba ngapi?"

Nikamwambia kitabu kinasema mia na ishirini na saba, lakini mimi niliweka mia na arobaini, yenye tundu kubwa zaidi la petroli.

"Kwa nini?"

"Kule kwetu ni milima, bwana. Nilitaka gari liwe na nguvu ya kupanda."

Alinitazama kama mtu anayetazama boli lililokatikia ndani. "Nani kakufundisha mlima unataka mafuta? Hapa tuko pwani, hewa nzito. Kwa baba yako hewa nyepesi. Jeti ya hapahapa tu ingekuwa imezidi kule, wewe ukaongeza na juu yake! Kufika kona ya tatu ni makubwa, mimi nashangaa lilitoka uani. Baba anaifunika blanketi, mtoto anaifungulia bomba. Ukoo mzima mnaiua injini kwa huruma."

Ndivyo ilivyo. Niliwaandikia kwamba nimeipa nguvu. Tangu barua ya kwanza nilikuwa naijua hiyo mia na arobaini, na sikuitaja kwa sababu sikutaka Ntate ajue nimebahatisha. Nikamtuma asafishe chujio.

Bwana Moodley alimwaga kopo lake lote la jeti kuukuu mezani tukatafuta. Hii ni mia na kumi na tano. Nimeichungulia mwenyewe kwa kioo cha kukuzia na namba imechongwa ubavuni. Iko ndani ya kiberiti, na kiberiti nimekishonea kwenye kitambaa. Nampa Ndaba, dereva wa lori anayepandisha unga kwa njia ya mlima ya Sani. Ameapa ataifikisha dukani yeye mwenyewe.

Fanyeni hivi. Toeni chujio. Fungueni skrubu tano za kifuniko cha kabureta, inueni polepole, gasketi isichanike. Toeni boya. Chini kabisa ya bakuli kuna kitu cha shaba kama kichwa cha msumari, kina mfereji katikati. Hiyo ndiyo jeti, tundu lake ndilo linalopima petroli. Bisibisi ijae mfereji wote, isiteleze. Ikitoka, someni namba. Lazima iwe 140. Fungeni hii mpya kwa mkono kwanza, kisha robo ya mzunguko kwa bisibisi, si zaidi. Endesheni mpaka kilima cha shule, zimeni injini hapohapo, fungueni plagi. Zikiwa za kahawia, rangi ya chungu kilichochomwa, nendeni Letlapeng. Zikiwa nyeusi, rudini.

Jana nilifunga begi. Bwana Moodley alinikuta nalo mlangoni. Akasema, "Wewe ni kilo sabini na utazuiliwa mpakani. Hii ni kama punje ya mahindi na haihitaji kibali. Tuma hii." Nimefungua begi. Lakini sijui kama nimefanya sawa, na sijui nitajuaje.

Niandikie kila kitu. Hata yale mabaya. Hasa hayo.

Khethisa

*

Ha Sekhoboko
22 Agosti 1983

Abuti Khethisa,

Jeti imefika jana. Theluji ilifunga Sani siku kumi na tatu. Ndaba aliacha lori chini akampa mpanda farasi wa posta, huyo naye akalala njiani mara mbili. Kila siku Mè alikuwa akienda mpaka kwenye zizi kutazama barabara, akirudi anasema, "Leo kuna mawingu tu," kana kwamba nimemuuliza.

Umesema nikuandikie kila kitu. Ndicho ninachofanya.

Tulianza asubuhi ya leo. Ntate alifungua kifuniko vizuri, na boya akalitoa. Lakini unajua mkono wake wa kulia una vidole vitatu tangu mgodini. Bisibisi iliteleza kwenye jeti mara mbili, na mara ya pili ilikwangua shaba. Akasimama. Akaniita kutoka nilipokuwa nimekaa na barua yako nikisoma maelekezo kwa sauti. Akasema, "Njoo hapa. Weka mkono wako palepale ulipo wangu." Nikasita, unajua kwa nini, sijawahi hata kumpa kikombe mkononi. Akasema, "Leo hapa hakuna mkwe. Kuna mwenye vidole na asiye na vidole."

Nikaitoa. Ni 140. Nikamsomea namba, akasema tu, "Mm."

Halafu mpya ikaniponyoka. Ilianguka ndani ya injini, ikagonga mahali, ikanyamaza. Ntate alileta sumaku yake, akaipitisha kote, kisha akakumbuka kwamba shaba haivutwi na sumaku. Tulitandaza shuka chini ya gari. Tulitafuta muda mrefu sana. Mè ndiye aliyesema, "Mwanamume, hebu simama usitikisike," akaingiza mkono kwenye mkunjo wa blanketi alilovaa Ntate, kifuani, akaitoa. Ilikuwa imeruka ikaingia humo. Hakuna aliyecheka.

Nimeifunga kwa mkono, kisha robo ya mzunguko. Gari liliwaka mara ya kwanza. Ntate alizunguka nyuma akainama kwenye bomba la moshi akaweka kiganja, akakirudisha akakinusa, akakionyesha kwa Mè. Kilikuwa safi. Alikwenda peke yake mpaka kilima cha shule na kurudi na plagi moja kwenye kitambaa ili nami nione. Ni ya kahawia, Khethisa. Rangi ya chungu kabisa.

Nilitaka tuondoke papo hapo. Ntate alitazama mlima akasema theluji ya juu inayeyuka mchana, gari litateleza. Tutapita asubuhi ingali imeganda. Amekwishaweka minyororo na koleo nyuma.

Sasa la mwisho. Tangu saa sita mchana mgongo unanibana, unaachia, unabana tena. Ni mapema mno. Sista aliniambia uchungu usinikute upande huu wa mlima. Nilinyamaza mpaka saa nane, kisha nikamwambia Mè, na Mè akamwambia Ntate, na sasa nakuambia wewe. Namsikia Ntate uani akilipasha moto gari. Amebadili mawazo, tunaondoka sasa hivi, theluji iyeyuke isiyeyuke. Barua hii namwachia Mohapi tukipita.

Naogopa. Sijawahi kukuandikia neno hilo.

'Mapheello

*

Hospitalini
28 Agosti 1983

Khethisa,

Anayeandika ni nesi wa wodi ya wazazi. Anaandika ninavyosema, kisha ananisomea.

Tuliondoka Ha Sekhoboko tarehe 22, saa tisa alasiri. Mkeo alikaa mbele dirishani, mama yako katikati yetu. Kona ya tatu tulipita na gia ya pili. Kona ya saba pia. Kileleni nilisimama kidogo nisikilize injini. Ilikuwa inanguruma vizuri, haina moshi. Gari halikukosea mahali popote, nataka ulijue hilo na umwambie yule bwana wako.

Theluji ndiyo iliyotuchelewesha. Chini ya kilele upande wa pili ilikuwa imelainika, gurudumu la nyuma likazama. Nilichimba kwa koleo saa mbili na nusu. Mama yako alichimba kwa sufuria. Mkeo alikuwa ndani ya gari na uchungu umeshakuwa mkubwa. Hakulia kwa sauti. Aliniuliza mara moja tu, kupitia dirishani, "Ntate, bado?" Nikasema bado kidogo. Ilikuwa bado sana.

Tulifika hapa saa tatu usiku. Walimchukua wakampasua mara moja.

Mtoto yupo. Ni wa kike, kilo mbili na robo. Siku mbili za kwanza aliwekwa kwenye kisanduku cha joto, sasa yuko kwa mama yake ananyonya. Nimempa jina la Pheello. Analia sana wakati wa kuogeshwa.

Mkeo yuko hai. Alipoteza damu nyingi na homa ilimshika siku tatu. Jana alikunywa uji, akaomba chumvi. Nesi anasema mtu anayelalamikia chumvi anapona.

Nilimuuliza daktari kama tungefika mapema ingekuwaje. Alisema tungefika wiki moja kabla, angempasua bila shida. Hakusema kwa lawama. Nimehesabu siku za jeti, siku za blanketi na siku za kondoo. Kila mmoja wetu ana siku zake humo. Sitakutajia zako ni ngapi, unaweza kuhesabu.

Kuna jambo moja limebaki. Mkeo aliomba lisubiri mpaka Desemba uje akuambie mwenyewe. Nilikubali. Leo asubuhi nilipokuja na huyu nesi kuandika, nilimtuma mama yako akamuulize tena wodini, maana sikutaka kuandika bila ruhusa yake wala sikutaka kukuficha. Alikaa huko muda mrefu. Akarudi na jibu lake: "Mwambie Ntate aandike."

Kizazi kilikuwa kimepasuka. Daktari alikitoa. Hatazaa tena.

Nesi amenisomea barua hii mara mbili, toka mwanzo. Sasa unajua kila ninachokijua.

Tšehlana Lebona